Yale Niliyojifunza Laxton kuhusu Ardhi na Mipaka

Kijiji cha Laxton kiko Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, karibu na miji midogo ya Ollerton na Tuxford. Mgeni anayepita kwa gari hukivuka kwa dakika chache, akaona kanisa, nyumba za matofali mekundu, baa moja na mashamba ya ngano, kisha akaendelea na safari yake. Si rahisi atambue kwamba mashamba yale hayana ua wala seng'enge kwa sababu maalumu: ni mashamba matatu makubwa ya wazi, na kila moja limegawanywa katika kanda ndefu zinazolimwa na wakulima mbalimbali, kwa utaratibu uliokuwa wa kawaida katika sehemu kubwa ya Uingereza tangu Zama za Kati na ambao karibu kila mahali pengine umefutika. Mahakama ya kijiji inayosimamia utaratibu huo bado hukaa kila mwaka.

Nilikuwa mwanafunzi wa upimaji wa ardhi nilipoanza kwenda Laxton, na niliendelea kwenda kila nilipopata nafasi hadi nilipomaliza masomo na kurudi Kenya. Nilikwenda kwa ajili ya ramani ya zamani ambayo nitaieleza hapa chini, lakini kilichonifanya nirudi ni mashamba yenyewe, kwa kuwa yalinikumbusha jambo nililolisikia tangu utotoni bila kulielewa sawasawa.

Nyanya yangu alizaliwa Murang'a kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na alipokuwa msichana mashamba ya familia yake hayakuwa mahali pamoja. Kulikuwa na kipande bondeni, karibu na kijito, palipopandwa nduma; kingine kwenye mteremko palipopandwa maharagwe na viazi vitamu; na kingine mbali, ng'ambo ya mto, kilichotumika mvua zilipokuwa haba upande huu. Mpaka wa kila kipande uliwekwa kwa kupanda itoka, mmea wa maua usiokufa upesi hata ukifyekwa. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilitangaza mpango wa kilimo uliopewa jina la Swynnerton, ambao ulitaka vipande vilivyotawanyika viunganishwe, kila familia ipewe shamba moja lililopimwa na hatimaye hati. Kazi hiyo ilifanyika Murang'a, Nyeri na Kiambu katika miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Nyanya alizungumza juu ya mabadiliko hayo kwa mizani: walipata shamba moja karibu na barabara na nafasi ya kupanda kahawa, na wakapoteza vipande vile vya bondeni na vya ng'ambo.

Darasani nilifundishwa kwamba mashamba yaliyotawanyika ni upotevu. Mkulima hupoteza muda akitembea kutoka kipande hadi kipande, mipaka mingi hula ardhi inayoweza kulimwa, na ugonjwa wa mimea au magugu ya jirani huvuka bila kizuizi. Hoja hizo ni za kweli na sizikatai. Ila ni hoja zilezile walizozitumia waliobadilisha mashamba ya Uingereza katika karne ya 18 na ya 19, na waliokuja kupanga upya ardhi ya Kenya ya kati walikuwa wamelelewa katika fikra hizo. Kwa hiyo kuona mahali ndani ya Uingereza yenyewe ambapo mfumo wa zamani haukufutwa kulikuwa, kwangu, kama kupewa nafasi ya kusikia upande wa pili wa kesi iliyokwisha kuamuliwa.

Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito mwekundu. Mvua ikinyesha hung'ang'ania viatu, na jua likiwaka hupasuka. Sehemu za juu hukauka mapema na sehemu za chini hutuamisha maji hadi majira ya kuchipua. Ukisimama ukingoni mwa shamba lile la magharibi unaona mara moja kwa nini hakuna aliyetaka kuwa na ardhi yake yote mahali pamoja: ambaye angepewa bonde peke yake angeangamia mwaka wa mvua nyingi, na ambaye angepewa kilima peke yake angeumia mwaka wa ukame. Kila mkulima alipokuwa na kanda huku na huku, hasara na faida za udongo ziligawanywa kwa wote. Umbo la kanda nalo lina sababu zake. Plau la kale lilivutwa na jozi kadhaa za maksai, na kugeuza msafara mrefu wa namna ile ni kazi ngumu, hivyo ilifaa kulima mstari mrefu na kugeuza mara chache. Kipimo cha Kiingereza cha takribani mita 201, ambacho bado hutumika katika mbio za farasi, kilitokana na urefu wa mstari mmoja wa plau. Mahali pengi kanda zile za kale hupinda kidogo kwenye ncha zake, kwa kuwa maksai walianza kugeuka kabla ya kufika mwisho. Mimi niliyezoea kuchora mipaka kwa mistari iliyonyooka nilitumia muda mwingi kuutazama mpindo huo, nikifikiria jinsi mwendo wa wanyama ulivyoandikwa ardhini na kubaki hapo kwa mamia ya miaka.

Mzunguko wa mazao ni wa miaka 3. Shamba moja hupandwa ngano wakati wa vuli, la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua kama shayiri au maharagwe, na la tatu zamani lilipumzishwa, ingawa siku hizi aghalabu hupandwa majani ya kulisha mifugo. Mwaka unaofuata kila shamba hupiga hatua moja. Hakuna mkulima anayeweza kuamua peke yake kupanda ngano wakati jirani zake wamepumzisha ardhi, na humo ndimo uzito wa mfumo huu ulimo: kanda ni yako, lakini kalenda ni ya wote.

Historia ya kijiji chenyewe inarudi mbali. Laxton imetajwa katika Domesday, daftari la ardhi alilolifanyisha Mfalme William mwaka 1086, miaka 20 baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza. Mwenye ardhi alikuwa Geoffrey Alselin, na kabla yake alikuwa Mwingereza aliyeitwa Tochi. Katika mistari hiyo michache umo ushindi mzima wa Wanormani. Upande wa kaskazini wa kijiji bado kuna kilima kikubwa kilichojengwa kwa mikono ya watu, ambacho juu yake palikuwa na ngome, na chini yake kuna nyua zilizozungukwa na mitaro. Ngome hiyo ilikuwa makao ya familia ya de Caux na baadaye ya de Everingham, waliokuwa walinzi wa misitu ya mfalme, Sherwood ikiwemo. Leo kondoo hula majani pale. Katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu zimehifadhiwa sanamu za familia ya de Everingham za karne ya 14, na mojawapo, ya mwanamke, imechongwa kwa mti badala ya jiwe. Nilirudi mara nyingi kuitazama, kwa sababu mti huoza na huliwa na wadudu, na sanamu hiyo isingefika karne yetu kama vizazi vya waumini wasiojulikana majina visingeitunza.

Sasa niseme juu ya ramani. Mwaka 1635 mpima ardhi aitwaye Mark Pierce aliuchora mji na mashamba yote ya Laxton kwa niaba ya Sir William Courten, mfanyabiashara aliyekuwa amenunua ardhi hiyo. Ramani imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford, pamoja na daftari lake linaloeleza kila kipande, mahali kilipo, ukubwa wake na anayekilima. Pierce hakuridhika na mistari tu. Alichora pia watu wakilima na kuvuna, mifugo, vinu vya upepo na wawindaji wakiwafukuza swala. Kwangu mimi kazi hiyo ni ya heshima kubwa. Alikuwa na mnyororo wa kupimia, vyombo vichache vya pembe na miguu yake, na akaweza kuonyesha mamia kwa mamia ya kanda kwa namna ambayo mtu wa leo anaweza kusimama shambani na kuitumia. Miaka mitano baadaye ardhi iliuzwa kwa Pierrepont, Earl wa Kingston, na ikabaki katika ukoo huo, ambao hatimaye ulipata cheo cha Earl Manvers, hadi katikati ya karne ya 20.

Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuzungushia ua mashamba ya wazi na ardhi za pamoja. Kijiji baada ya kijiji kanda zilikusanywa, ua wa miiba ukapandwa, haki za kuchunga na kuokota kuni zikafutwa, na watu wengi waliotegemea haki hizo wakawa vibarua au wakahamia mijini. Laxton haikuokoka kwa sababu wenye ardhi wake walikuwa wema kuliko wengine. Sehemu kubwa ilikuwa ya Earl Manvers, lakini Earl wa Scarbrough naye alikuwa na ardhi nyingi iliyochanganyika nayo, na wakuu hao wawili hawakufikia makubaliano ya kugawana. Shughuli ikakwama. Baadhi ya ardhi ya parokia ilizungushiwa ua kidogo kidogo, na kati ya 1903 na 1908 kanda ziliunganishwa zikawa chache na pana zaidi, lakini mashamba matatu na mahakama yao vilibaki. Nimejifunza hapo kuwa mwangalifu ninaposikia mtu akisema kwamba mila fulani ilidumu kwa sababu ilikuwa na nguvu; wakati mwingine ilidumu kwa sababu wenye nguvu walishindwa kuelewana.

Hata hivyo, kuokoka si sawa na kuendelea. Kinachoufanya mfumo uendelee nilikiona siku ya ukaguzi, mwishoni mwa Novemba, niliporuhusiwa kufuata nyuma ya jopo la kijiji. Jopo hilo ni la watu 12, nao hukagua shamba lililopandwa ngano mwaka huo. Kwa hiyo kila shamba hukaguliwa mara moja katika mzunguko wa miaka 3. Hutembea kando ya kila ukanda, hutazama kama kuna mkulima aliyesogeza plau lake hadi kwenye njia au kwenye nyasi za pamoja, na palipo na shaka hupima na kupigilia kigingi cha mti kuonyesha mpaka ulipo. Walijadiliana kwa sauti ya kawaida, bila karatasi nyingi. Niliona wazee wakiwaonyesha vijana alama ambazo mgeni hawezi kuziona: mteremko mdogo, mfereji uliozibwa, mahali ambapo njia ilipanuka kwa sababu ya matrekta. Aliyekosea alikuwemo mara nyingine katika kundi lilelile, akisikiliza makosa yake yakielezwa na jirani zake, naye akiwa amewahi kuyaeleza ya kwao.

Wiki moja baadaye mahakama hukaa katika baa ya kijiji, ikiongozwa na wakili anayemwakilisha mwenye ardhi. Jopo hutoa taarifa, faini hutangazwa, na jopo la mwaka unaofuata huapishwa. Faini ni ndogo sana, pauni chache tu. Mwanzoni jambo hilo lilinishangaza, maana nilizoea kesi za ardhi zinazokula akiba za familia nzima. Baada ya kuhudhuria nilielewa kwamba faini ni ndogo kwa sababu kosa linakamatwa lingali dogo. Mita moja iliyolimwa kupita kiasi mwaka huu hurekebishwa mwaka huu. Haisubiri kizazi kijacho, wakati mashahidi wamekufa na mita imekuwa ekari. Mwaka 1977, Bunge lilipoziondolea mahakama nyingi za kale mamlaka yao, ya Laxton iliachwa kwa kuwa ilikuwa na kazi halisi.

Kuna pia vipande vya nyasi vilivyoachwa kwenye mabonde madogo na kingo ambako plau la kale halikuweza kugeuka. Haki ya kukata nyasi hizo hupigwa mnada kila mwaka wakati wa kiangazi. Kwa kuwa hazijawahi kulimwa wala kumwagiwa mbolea ya viwandani kwa wingi, zimekuwa makao ya maua ya porini ambayo sehemu nyingine za nchi yamepungua mno, na sasa zinalindwa kisheria. Hakuna aliyepanga hivyo.

Kanisa na parokia vilinifundisha upande mwingine wa jambo hili. Parokia ya Kiingereza haikuwa eneo la ibada tu. Tangu 1538 makasisi waliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko, na tangu sheria ya 1601 kila parokia ilipaswa kuwatunza maskini wake kwa kodi ya wakazi wake. Kwa hiyo kujua parokia inaishia wapi kulikuwa suala la mkate: mjane aliyeishi upande huu wa kijito alilishwa na watu wa huku, na aliyeishi upande ule alilishwa na wa kule. Ndiyo maana katika parokia nyingi, siku chache kabla ya sikukuu ya Kupaa, kasisi na wazee walizunguka mpaka wote kwa maandamano, wakawachukua wavulana pamoja nao. Kwenye kila jiwe au mti wa mpaka wavulana waligongwa kidogo, au walichapwa, ili wapakumbuke mahali hapo hadi uzeeni. Sipendezwi na fimbo, lakini nia yake naiheshimu: walijua kwamba ramani inaweza kuungua, na kwamba shahidi bora wa mpaka ni mtoto aliyefika pale kwa miguu yake na ambaye ataishi miaka 60 zaidi.

Nisimfanye msomaji aamini kwamba Laxton ni peponi. Wakulima wake ni wapangaji. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuzia Wizara ya Kilimo ardhi hiyo ili mfumo ulindwe; mwaka 1981 ikahamia kwa taasisi inayosimamia mali za Taji la Uingereza; na mwaka 2020 ikauzwa kwa Thoresby, milki inayotokana na ukoo uleule wa Earl Manvers. Katika mabadiliko yote hayo uamuzi ulifanywa na wakubwa, na wanakijiji walisubiri kuambiwa. Idadi ya wakulima imepungua sana ikilinganishwa na ile iliyo katika daftari la Pierce, matrekta ni mapana kuliko baadhi ya kanda, na mtu anayelima kwa utaratibu huu hupata kidogo kuliko jirani yake aliye na shamba moja kubwa. Jopo la watu 12 linahitaji watu 12 wanaoijua ardhi, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko bei ya ngano.

Nilirudi Murang'a na kazi yangu ya kupima. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012 inasema kwamba ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu, kanuni iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, lakini wateja wengi huamini kwamba mstari ulio kwenye karatasi ni kamili kama ukingo wa meza. Huleta ramani ile na kuniambia nirudishe ardhi yao, na mara nyingi ugomvi ni wa hatua mbili au tatu za miguu. Kabla ya kufungua mashine yangu, siku hizi ninaomba pande zote mbili tutembee mpaka mzima kwanza, kutoka barabarani hadi mtoni, na kila mmoja aseme anachokijua: itoka ilikuwa wapi, nani aling'oa, jiwe liliwekwa mwaka gani. Ninaomba wajukuu waje pia. Wapo wateja wanaoona ni kupoteza muda na wananiambia waziwazi kwamba wananilipa nipime, si niwatembeze. Lakini mara nyingi nusu ya ubishi huisha kabla ya kipimo cha kwanza, kwa kuwa mtu huona aibu kudai mbele ya mzee jambo ambalo mzee huyo alilishuhudia.

Na kuna jambo la kanda. Ndugu wanapogawana shamba la baba yao katika vilima vyetu, karibu kila mara hutaka kuligawa kwa urefu, kutoka barabara iliyo juu ya kilima hadi kijito kilicho chini, hata kama kila mmoja atabaki na shamba jembamba kiasi kwamba gari haliwezi kugeuka ndani yake. Wataalamu huwashauri wagawane kwa vipande vya mraba vilivyo rahisi kulima. Mimi nimeacha kuwashawishi. Kila mmoja anataka sehemu ya barabara, ya mteremko wa kahawa na ya bonde la nduma, na ninapochora mistari hiyo mirefu ninaifuata sababu wanayoijua wao. Ninachowauliza ni kimoja tu, na huwa nakiandika katika taarifa yangu ingawa hakuna fomu inayokidai: ni nani kati yao atakayeipitia mipaka hiyo kila mwaka, na atakuwa pamoja na nani.